Sema sababu kwanza, jina baadaye

Maneno haya yalisemwa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu (Amu, kama wenyeji tuiitavyo), baada ya swala ya alasiri. Tumeyaweka yote kwa ajili ya waliokuwa baharini, walioko Faza na Kiunga, na waliozuiwa na shughuli za nyumbani. Picha zilizooneshwa kwenye shuka jeupe tumeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi barazani, mama zangu mlio upande wa kivuli, vijana mliosimama kwa kuwa viti vimekwisha, hamjambo watu wa Amu?

Mmeniita niseme juu ya jambo moja tu. Mtu akikuuliza, "Kwa nini wamuunga mkono huyu awe rais?" umjibu nini? Nataka jibu lako mwenyewe, si lile ulilolisikia kwenye kipaza sauti cha gari likipita. Jina la mgombea halitatoka kinywani mwangu jioni hii. Nikilitaja, nusu yenu watapiga makofi, nusu watainuka kwenda kunywa kahawa, na hapatabaki mtu wa kuyapima maneno.

Nianzie Matondoni. Mtu aendaye Matondoni kununua mashua hufanyaje? Hasimami pwani akasema, "Naipenda hii." Avua viatu, aingia ndani, ainama. Agonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: ubao mzima walia kavu, ubao uliooza watoa sauti nzito iliyozama. Achungulia kwenye maungio aone kama pamba ya kalafati imeshiba au imeanza kuning'inia. Atazama vichwa vya misumari kama vimeanza kulia kutu. Ashuka chini, afumba jicho moja, atazama mkuku kama umenyooka. Rangi aitazama mwisho, na huenda asiitazame kabisa.

Na sifa je? Hapa Amu sina haja ya kueleza sifa ni nini: mafuta ya papa, yapakwa mbao zisiliwe na jua na chumvi. Sifa yaulinda ubao mzima. Ubao mbovu ukiupaka sifa, wang'aa siku tatu, kisha wazama nawe. Sijui aliyeipa lugha yetu neno moja kwa vitu hivi viwili alikuwa akiwaza nini, lakini mgombea naye hupakwa sifa, tena kwa ndoo. Wapakaji wakishapita, nyinyi ingieni mugonge mbao.

Ubao wa kwanza wa kugonga ni huu: hilo usemalo, rais analiweza? Lipo mikononi mwake?

Katiba ya Kenya ya 2010 iligawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, na mgawanyo wenyewe umo kwenye Jedwali la Nne. Si refu; mtu alisoma lote kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Mtu akisema, "Namuunga mkono fulani awe rais kwa sababu zahanati yetu haina dawa," sababu hiyo ni nzito, lakini amebisha mlango wa jirani. Zahanati ni ya kaunti. Chekechea ni ya kaunti. Vivuko na magati ya kienyeji yamo upande wa kaunti. Serikali kuu yaweza kuja ikajenga gati, hakuna aizuiaye, lakini mwenye wajibu ni gavana. Barabara kuu ya kutoka hapa kwenda Witu hadi Garsen ni ya taifa; njia ya kuingilia shambani kwako Hongwe ni ya kaunti. Walimu wa msingi na sekondari wako chini ya taifa. Polisi, jeshi, amri ya kutotoka nje usiku: taifa.

Tazameni hilo la mwisho, kwa sababu Amu twalijua. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 iliwekwa amri ya kutotoka usiku, na uvuvi wa usiku ulikuwa marufuku kwa muda mrefu. Mliomo humu mnaovua kwa jarife, ule wavu wa kutega, mwajua maana yake. Jarife hutegwa jua likizama na kutolewa alfajiri, kwa sababu mchana samaki auona uzi akaukwepa. Kumwambia mvuvi wa jarife avue mchana ni kumwambia muuza taa auze jua likiwaka. Nani aliweka amri ile? Hakuwa gavana, wala mwakilishi wa wadi. Ilikuwa mikononi mwa serikali kuu. Kwa hivyo mvuvi wa Kizingitini akisema, "Mimi namtaka rais atakayeeleza jinsi ya kulinda mpaka wa Kiunga bila kufunga bahari usiku," huyo amesema sababu ya urais hasa. Amegonga ubao wenyewe.

Sasa ardhi. Hapa ndipo sifa hupakwa kwa wingi kuliko mahali popote. Julai 2014 rais wa wakati huo alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa makampuni. Makofi yalipigwa, na yalistahili. Lakini niwaulize: ekari moja ikifutwa jina la kampuni, hapo hapo yaandikwa jina la nani? Halijaandikwa la mtu. Tangu Katiba mpya rais hana tena kalamu ya kumgawia mtu ardhi ya umma. Ardhi hiyo yasimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi kwa niaba ya serikali. Na eneo likiingia kwenye uamuzi wa ardhi, yaani kuamua kipande kipi ni cha nani, kuna hatua zake: eneo latangazwa, mipaka yapimwa mbele ya wenyeji, majina yaandikwa daftarini, daftari lawekwa wazi siku 60 ili mwenye pingamizi apinge, kisha ndipo usajili na hati. Wengi hupotea kwenye zile siku 60. Karatasi imebandikwa ofisini, mwenyewe yuko bahari ya Kiwayu, na akirudi jina lililoandikwa ni la mwingine.

Kwa hivyo mgombea akisimama hapa akasema, "Nitawapa hati," msipige makofi bado. Mwulizeni: maeneo gani? Yamekwisha kutangazwa? Wapimaji wangapi, na watalipwa kutoka fungu gani? Akijibu hayo, ana ubao. Akisema tu, "Niaminini," ana sifa.

Jambo jingine kwenye ubao huu, na hili nalipenda zaidi. Kuna mema yaliyoifikia Amu ambayo hayakutoka kwa rais yeyote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walioathirika na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi hao walikuwa zaidi ya 4,000. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi zote mbili zilianza kwa watu wa hapa kukusanya karatasi, kuchanga nauli na kupanda basi. Hawakuzingoja hotuba za jukwaani.

Basi hayo yana uhusiano gani na rais? Yana uhusiano mkubwa. Mahakama ikitoa hukumu, mwenye kuitekeleza au kuizembea ni serikali. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa kitini, na uchaguzi ukarudiwa 26 Oktoba. Mwulize mgombea wako: ukihukumiwa usivyopenda, utatii? Ukiamriwa kulipa wavuvi, utalipa mwaka gani? Hii ni sababu ya urais kamili, na sijaisikia ikiulizwa jukwaani hata mara moja.

Mko nami? Ubao wa pili ni kalenda na mfuko.

Kila ahadi ina tarehe na bei, msemaji akizitaja asizitaje. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Makadirio ya matumizi yatakiwa kufika Bunge la Taifa si chini ya miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani mwisho wa Aprili. Uchaguzi nao ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa 5. Ule wa 2027 waangukia tarehe 10. Hesabuni wenyewe. Rais mpya aapishwa fedha zimekwisha gawanywa na waliomtangulia. Aliyeapishwa 13 Septemba 2022 alikuta bajeti iliyoanza kazi 1 Julai. Bajeti ya kwanza aliyoipika mwenyewe tangu kuwasha moto ni ile ya Julai 2023.

Kwa hivyo mtu akikwambia, "Ndani ya siku 100 nitafanya kadha wa kadha," mwulize: kwa bajeti ya nani? Jibu la haki ni bajeti ya nyongeza, na hiyo sharti ipite Bungeni. Akikosa jibu, labda hajui kazi anayoiomba. Au ajua, na afikiri wewe hujui. Sijaamua lipi baya zaidi.

Kuna na upande wa pili wa bei. Fedha hutoka kwenye kodi. Juni 2024 mliona yaliyotokea vijana walipoukataa Mswada wa Fedha, hadi rais akasema hatautia sahihi. Ahadi zilizotegemea fedha zile zilikwenda wapi? Mgombea mwenye orodha ndefu ya ahadi na hakuna kodi hata moja itakayopanda, huyo hajamaliza kuhesabu.

Sasa niwape swali moja la kalenda liwahusulo nyinyi hasa, na naomba mulichukue kama lilivyo. Katiba ina Hazina ya Usawazishaji, kifungu cha 204. Nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Sera ya kwanza ya ugawaji ilitaja kaunti 14, na Lamu imo. Fedha zenyewe zimekuja kwa kuchechemea, hilo mwalijua. Lakini mwajua kwamba hazina hiyo ina ukomo? Miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika. Katiba ilianza Agosti 2010. Ukomo ni 2030.

Nani atakuwa rais 2030? Yule mtakayempigia kura 2027. Kurefusha muda wake kwahitaji sheria ya Bunge, na sheria hiyo yataka zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Rais mwenye nia aweza kuwaongoza watu wake Bungeni wairefushe. Asiye na nia atakaa kimya tu, na kimya chatosha kuiua. Kwa hivyo mtu wa Amu akiniambia, "Namuunga mkono fulani kwa sababu ameandika kwenye manifesto yake kwamba atatafuta kura za kuirefusha Hazina ya Usawazishaji kabla ya 2030," nitamvulia kofia. Na msipoikuta kwenye manifesto ya yeyote, basi iulizeni hapa hapa Mkunguni, kwenye kipaza sauti, simu zikirekodi.

Ubao wa tatu sitaukalia sana. Ni watu anaokuja nao. Mawaziri hawapungui 14 wala hawazidi 22, na kila waziri apitishwa na Bunge la Taifa. Ni haki yako kuuliza usalama atampa nani, ardhi atampa nani. Na mgombea mwenza? Wako waliosema 2022, "Mimi simpigii yule wa juu, nampigia naibu wake." Oktoba 2024 Bunge la Taifa na Seneti walimwondoa naibu rais huyo, na mwengine akachukua nafasi. Miaka miwili na mwezi mmoja, sababu yao ikawa imekwisha. Sisemi lililotendeka lilikuwa haki au si haki. Nasema sababu iliyotundikwa kwenye msumari mmoja, msumari uking'oka, yaanguka.

Sasa nisikizeni vizuri, maana nafika mahali ambapo watu wa Amu hujidharau.

Mara ngapi mmesikia, "Sisi ni wachache, kura zetu zitafanya nini?" Mara ngapi? Kwenye barza, kwenye daladala ya baharini, hata kwenye harusi. Haya, tuhesabu.

Mwaka 2022 kura halali za urais zilikuwa 14,213,027. Aliyeshinda alipata 7,176,141. Wa pili alipata 6,942,930. Katiba haisemi mwenye kura nyingi ashinda. Yasema apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Nusu ya hizo ni 7,106,513 na nusu. Mshindi aliivuka nusu kwa kura gani? Kwa kura 69,627 na nusu. Basi. Kura zake 69,628 zingalikwenda kwa wagombea wengine, pangalilazimika kurudiwa uchaguzi kati ya wawili wa mwanzo ndani ya siku 30.

Na waliojiandikisha Lamu mwaka huo walikuwa wangapi? Zaidi ya 81,000.

Naona mzee mmoja pale atikisa kichwa. Ndiyo, mzee wangu. Daftari la kura la Amu, dogo kuliko yote katika Kenya nzima, lilikuwa kubwa kuliko kile kilichobaki juu ya nusu.

Bado. Kuna sharti la pili, na wengi hulisahau. Mshindi sharti apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hivyo 24. Katika hesabu hii Nairobi yenye waliojiandikisha zaidi ya milioni 2 ni kaunti moja. Lamu nayo ni kaunti moja. Moja kwa moja. Tuseme Amu watoke watu 50,000 wapige kura halali. Robo yake ni 12,500. Mgombea akipata kura 12,500 hapa amejipatia kaunti nzima, sawasawa na kaunti ambayo angehitaji kura laki kadhaa kuipata. Kura ya kwenu, kwa sharti hili, ni ya bei ghali. Mbona mwaiuza kwa fulana?

Hilo la fulana, na leso, na elfu moja iliyokunjwa kiganjani, nitalipitia mbio. Kutoa ni kosa na kupokea ni kosa, chini ya sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016. Lakini hata tukiacha sheria: aliyekulipa amekwisha maliza deni. Kesho ukienda kumwuliza juu ya Hazina ya Usawazishaji, akudai nini wewe, na wewe umdai nini?

Tufike nyumbani na barazani, kwa sababu sababu hailali kwenye karatasi, husemwa mbele za watu. Nina majaribio mawili.

La kwanza ni kubadilisha jina. Chukua sentensi yako, toa jina la mtu wako, tia la mpinzani wake. "Namuunga mkono kwa sababu ni mcha Mungu, mchapakazi, apenda vijana." Badilisha jina. Je, wafuasi wa yule mwengine hawasemi maneno hayo hayo? Wasema, neno kwa neno. Basi hiyo si sababu ya kumchagua huyu mbele ya yule. Sasa jaribu hii: "Namuunga mkono kwa sababu akiwa Bungeni mwaka fulani aliupigia kura ya kuukataa mswada fulani, na mwenzake aliunga." Badilisha jina. Sentensi yawa ya uongo. Hapo umepata ubao ulio kavu.

Na wapi pa kupata mambo ya namna hiyo? Kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zile ziitwazo Hansard, ziko wazi kwenye intaneti. Mgombea aliyewahi kuwa mbunge au seneta, maneno yake yamo humo, siku na saa. Aliyewahi kuwa gavana, ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali juu ya kaunti yake ziko wazi vilevile. Kijana mwenye simu na data ya shilingi hamsini aweza kukaa chini ya mwembe akampekua mgombea kuliko mkutano mzima wa hadhara. Ila soma ripoti nzima. Kosa lifanyikalo sana ni kukata mstari mmoja, ukasambazwa kwenye WhatsApp, na ukurasa wa pili ulikuwa na majibu.

Jaribio la pili: ni jambo gani likitokea, utamwacha? Liandike. Kama hakuna lolote, duniani na baharini, litakalokufanya umwache, basi unacho kitu, lakini kitu hicho ni mapenzi. Mapenzi si haramu. Yaite mapenzi tu, usiyaite sababu.

Na mjue haki moja zaidi: hulazimiki kusema. Kura ni siri. Mume hana haki ya kumwambia mke aoneshe alikotia alama, wala baba kwa mwana, wala tajiri kwa baharia wake. Anayependa kusema, na aseme kwa mpango huu: sababu kwanza, jina baadaye. Ukianza na jina, mwenzako ashafunga masikio. Ukianza na kusema, "Mimi nataka bahari ya usiku iwe wazi na mpaka uwe salama, na nimeona mmoja tu aliyeeleza njia," atakuuliza mwenyewe, "Nani huyo?" Hapo ndipo utaje, na muanze kubishana kwa adabu.

Vijana wamegawa vijikaratasi. Upande wa mbele andika sababu tatu, si zaidi. Chini ya kila sababu andika vitu vinne: ni kazi ya rais au ya kaunti, ameahidi kiasi gani, kufikia mwaka gani, fedha kutoka wapi. Palipo patupu paache patupu, usijaze kwa kukisia. Upande wa nyuma andika lile litakalokufanya umwache. Kisha kitunze, usikiache mfukoni mwa shati la kuvulia. Mwaka mmoja baada ya kuapishwa, kitoe.

Nimeulizwa na mama mmoja kabla hatujaanza, na nimemwahidi kujibu mbele ya wote. Aliuliza juu ya kura zinazokataliwa. Mama, mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Mgombea wa tatu na wa nne, kura zao zikijumlishwa, ni 93,956. Yaani kura zilizotupwa ziliwashinda wagombea wawili. Mtu amefikiri miezi, amepima, amebishana barazani, kisha kura yake yaingia kwenye fungu la takataka. Kwa nini? Alama imewekwa kwa watu wawili, au katikati ya mstari isijulikane ni ya nani, au mtu ameandika jina lake mwenyewe. Na Mahakama ya Juu iliamua 2013 kwamba kura hizo hazihesabiwi hata kwenye ile nusu. Ni kama hukwenda.

Basi: vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo bado apiga kura. Chukua kitambulisho kile kile ulichojiandikishia. Karatasi ni sita. Ya rais ni nyeupe. Kausha mikono, hasa mliotoka forodhani. Alama moja, ndani ya nafasi ya mtu mmoja. Ukikosea kabla hujaitia sandukuni, usiifiche wala usiikwaruze: irudishe kwa msimamizi, omba nyingine.

Na kwa wazee wasioona vizuri: njoo na mtu wako mwenye umri wa kupiga kura, mwanao au mjukuu. Yeye atakula kiapo cha kutunza siri, na haruhusiwi kumsaidia mtu mwingine zaidi yako. Usipokuja na mtu, atakayekusaidia ni msimamizi wa kituo, na mawakala wa vyama watakuwa wamesimama wakisikia. Wengi hawakulijua hili hadi walipofika mezani na kulazimika kulitaja jina mbele ya watu sita. Basi mjukuu achaguliwe mapema, na awe yule ajuaye kunyamaza.

Naisikia adhana ya magharibi kutoka Riyadha. Maswali yaliyobaki tutayajibu baada ya swala, kwenye baraza hili hili. Kalamu zirudishwe, ni za kuazima.